Fimbo Yangu, Rili Yake

Jumatatu, 3 Juni

Jana kikao cha familia nyumbani kwa baba mkwe. Kikao cha huzuni. Mzee alikanyaga fimbo yake ya kuvulia samaki, ikavunjika vipande viwili. Ilikuwa imelala kizingitini, mchana kweupe. Hakuiona. Macho yake yanazidi kufifia, na daktari alishasema hakuna miwani ya kuyaokoa.

Mzee hakulalamika. Alikusanya vipande akaviweka pamoja na kuni, akasema basi, mto ameshauaga. Akaongeza kwamba mabinti zake wakitaka kuifunga ile nyumba na kumhamishia mjini, hatabisha tena. Miaka yote amekuwa akibisha! Mke wangu alilia njia nzima tulipokuwa tunarudi. Anasema baba yake akitolewa kando ya ule mto, atakaa kwenye kiti sebuleni kwetu akingoja kufa. Nilimshika mkono.

Aliyekuja na dawa ni mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Daktari wa meno. Alisema kuna uvuvi usiohitaji macho sana. Ndoana unaivika nyuzi na manyoya hadi ifanane na buu, yule mdudu mchanga anayeishi chini ya mawe mtoni kabla hajaota mabawa. Inazama, inasukumwa na mkondo, samaki akiigusa unamsikia kiganjani. Kinachotakiwa ni fimbo ndefu, nyepesi, yenye ncha laini. Na rili ya kuifaa, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Wote wakamtazama kama nabii. Wazo hilo ningelitoa mimi, ila sikulijua.

Ikaamuliwa: mimi ninunue fimbo, yeye anunue rili. Jumamosi ya wiki ijayo mzee apelekwe mtoni. Alikubali kwa shingo upande. Mara moja tu, alisema. Isipofaa, lije gari la kubeba vyombo vyake.

Sasa jambo langu mwenyewe. Nimemuoa binti yake miaka kumi na mmoja, na mzee bado ananiita "mgeni". Mgeni ameshakula? Mgeni asogezewe kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nasubiri jembe hadi leo! Daktari wa Meno alioa juzijuzi tu, naye anaitwa "mwanangu". Nalitaka neno hilo. Nitalipata kwa fimbo.

Jumanne, 4 Juni

Duka la vifaa vya uvuvi, saa ya chakula cha mchana. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Nilimweleza kwamba mimi ni muuza magodoro, na mtu anayejua kuchagua godoro anaweza kuchagua chochote. Hakucheka. Alinipa fimbo. Nikaitikisa kwa ujuzi. Ikaangusha kofia zote kwenye rafu ya nyuma. Aliniomba nisitikise.

Nikapewa somo. Kwa uvuvi wa buu, fimbo iwe ndefu, futi kumi hivi, ili mshipi usilale juu ya maji na kuburutwa na mkondo. Iwe ya mshipi mwembamba, namba tatu. Ncha iwe laini ili isikie hata mguso mdogo, lakini shina liwe na nguvu ya kumtoa samaki kwenye mawe. Niliitikia kila neno. Kisha akaniuliza itaenda na rili gani.

Nikasema rili si yangu, ni ya mtu mwingine. Mama akashusha miwani. Alisema fimbo na rili hununuliwa pamoja kama kufuli na ufunguo. Nikamjibu kwamba katika familia yetu kufuli lina mtu wake na ufunguo una mtu wake. Alinishauri nimpigie simu mwenzangu. Mimi! Nimpigie yule! Heri nimeze ndoana.

Mama hakuchoka. Akasema fimbo ndefu pua yake huinama, na mvuvi wa buu hushika mkono juu saa nzima, kwa hiyo rili lazima iwe na uzito wa kuirudisha. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Uzito! Kwenye biashara yetu, kizuri ni chepesi. Godoro zito ni la pamba iliyolala. Nilimwachia elimu yake nikaondoka kufikiri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua fimbo! Futi kumi, namba tatu, rangi ya kijani iliyoiva. Ile ile aliyoniambia mama, ila nimeamini kwamba nimeichagua mwenyewe. Ukiishika unataka kuongea kwa sauti ya chini.

Jaribio la kwanza, dukani kwetu, katikati ya magodoro. Meneja alikuwa ametoka. Nilifunga mshipi, nikafunga buu, nikarusha. Buu likanasa kwenye godoro la maonyesho, lile la wagonjwa wa mgongo. Nikavuta. Godoro likavuta. Meneja akarudi. Nilimwambia napima ugumu wa kitambaa. Aliangalia fimbo, akaniangalia mimi, akaniomba nikapimie ugumu huo nyumbani.

Jaribio la pili, nyumbani. Nilifumba macho ili niwe kama mzee. Mke wangu alishika mwisho wa mshipi koridoni, awe samaki. Makubaliano: avute kidogo, mimi niseme nimesikia. Nilisimama. Nikangoja. Nikamwambia aanze. Akasema ameanza zamani, anavuta tangu aingie koridoni, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilimweleza kwamba methali hiyo haihusu samaki.

Lakini jambo moja niliandike. Nilipofumba macho niliogopa. Chumba changu mwenyewe, na sikujua meza iko wapi. Nilisikia mke wangu akipumua koridoni nikataka asiondoke. Nikamfikiria mzee akikusanya vile vipande kwa kupapasa. Nikafumbua macho haraka nikaenda kunywa maji.

Jumamosi, 8 Juni

Lazima nijue Daktari wa Meno kanunua rili gani. Adui humchunguza adui. Mpango: nijifanye jino linauma, niende zahanati yake, nichungulie. Mpango safi kabisa.

Alinipokea vizuri mno. Akanilaza kwenye kile kiti. Nikaonyesha jino lolote la nyuma. Akaligonga kidogo, akasema kweli limeoza, ninastahimilije? Kabla sijapata la kusema, ganzi. Kabla ganzi haijakolea, koleo. Jino nje! Aliniwekea pamba na kunipongeza kwa ujasiri.

Ila rili niliiona! Iko kwenye rafu, kando ya meno ya plasta. Kubwa, nyeusi, nene. Nzito kama kitasa cha mlango wa benki. Nilijaribu kutabasamu, pamba ikazuia. Alinipa niishike. Mkono ulishuka. Alieleza kwa furaha kwamba alikwenda kwa yule mama wa duka akauliza mimi nimechukua fimbo ipi, ili achague rili ya kuifaa. Upelelezi! Mtu gani huyu wa kuchunguza wenzake? Akaendelea kusema jambo kuhusu pua ya fimbo na bega la mzee. Sikusikiliza. Nilikuwa na pamba mdomoni.

Nimerudi nyumbani nimevimba shavu lakini moyo mweupe. Kakosea! Fimbo yangu nyepesi kama unyoya, na yeye anataka kuitundikia jiwe la kusagia. Mzee ataona tofauti.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbili za kufikiri, na za kutafuna kwa upande mmoja wa mdomo. Nimepata.

Sina haja ya kungoja mzee aikatae rili ile mbele ya watu. Hiyo ni kumwaibisha mzee. Mimi mtu wa huruma. Nitanunua rili nyepesi, nitaibadilisha kimyakimya. Mzee ataisifu. Kila mtu atamgeukia Daktari wa Meno ampe pongezi. Hapo nitakohoa kidogo na kusema ukweli. Sifa ya fimbo yangu, sifa ya rili yangu. Nani mwana hapo, nani mgeni?

Mama wa duka alikataa kuniuzia rili nyepesi kwa fimbo ile. Alikataa kabisa! Alisema atakuwa ananiibia. Nikaenda duka lingine, linalouza mipira na mahema. Kijana wa pale hakujua chochote, na tulielewana mara moja. Nimepata rili ya rangi ya dhahabu, imetobolewatobolewa kama chujio la chai. Ukiiweka kiganjani huisikii.

Mke wangu hajui. Alikuwa akinisimulia habari za baba yake. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani masokoni, na watu wa hapo walimwogopa kwa sababu angeweza kushika mkate akasema umepungua, bila hata kuuweka kwenye mizani. Hadithi nzuri. Lakini mizani ni mizani, samaki ni samaki.

Alhamisi, 13 Juni

Daktari wa Meno alileta rili yake kwetu ifungwe pamoja na fimbo. Aliuliza fizi inaendeleaje. Nikasema vizuri. Akanywa chai, akaaga. Mke wangu alipoingia jikoni nikafanya kazi yangu. Nyeusi nje, ya dhahabu ndani. Karatasi ya zawadi, utepe, tayari. Ile nyeusi nimeificha kwenye buti ya gari, chini ya tairi la akiba.

Jioni mzee alipiga simu. Aliomba kujua gari la kuhamisha vyombo linakodiwa wapi, ili asitusumbue baadaye. Alisema ameanza kufunga vikombe kwenye magazeti. Mke wangu alimwambia angoje Jumamosi kwanza. Alipokata simu alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Aliniuliza kama naelewa uzito wa Jumamosi. Nikasema naelewa kwa moyo wangu wote.

Na nilimaanisha. Namtakia mzee samaki wake. Ila nataka amvue kwa mkono wangu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimechoka. Nitaandika yalivyokuwa.

Tulifika mtoni ukungu haujaondoka. Mke wangu alimshika baba yake mkono hadi ukingoni. Mzee alivaa koti lake la zamani. Nilifungua zawadi kwa mikono yangu, nikaiunganisha fimbo, nikafunga rili, nikamwekea kiganjani. Shemeji, mkewe Daktari wa Meno, alibana pumzi. Hata mto ulionekana kungoja.

Mzee aliinua fimbo. Akaipimapima. Akasema fimbo hii ni nzuri, mwenye kuichagua aliufikiria mkono wake. Nilivimba! Kisha akainamisha kichwa. Akasema lakini pua yake inaanguka. Akauliza rili kachagua nani.

Watu wote wakamgeukia Daktari wa Meno. Yeye akaiangalia rili. Akaiangalia vizuri. Kisha akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia maji, maana kulikuwa na jani la kuvutia sana. Nikangoja anitaje. Akasema, "Ni mimi, baba. Nimekosea."

Sikuelewa. Ujanja wa namna gani huu?

Mzee alisema si kitu, akaingia kwenye maji ya kina kifupi akaanza kuvua. Anajua. Aliinua mkono, akaliacha buu lishuke na mkondo, akaliinua, akaliacha tena. Bega lake lina maradhi ya mifupa. Mkono ulianza kutetemeka. Akaushusha kidogo. Akaupandisha. Akaushusha. Nikaona mshipi umesimama ghafla kwenye maji, ukavutwa pembeni. Samaki! Wote tuliona. Mzee hakuona, na mkono wake ulikuwa umeshachoka kiasi kwamba haukusikia kitu. Mke wangu alipiga kelele. Mzee akavuta. Samaki alishaondoka.

Aliuliza kama alikuwa mkubwa. Akatoka majini, akailaza fimbo kwenye majani kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akasema basi, tumejaribu. Vikombe alishavifunga. Jumatatu tuite gari. Mke wangu aligeuka akatazama upande wa miti, na mabega yake nilikuwa nayaona.

Nikaenda kwenye gari. Sikuwa nimepanga. Miguu ilikwenda yenyewe. Niliondoa tairi la akiba nikaitoa ile nyeusi, nikarudi nayo nikihema. Nikasema nilikuwa na rili nyingine, niliinunua ya akiba, kwa tahadhari tu, maana mimi ni mtu wa tahadhari. Yaani hata pale, ulimi wangu ulikwenda njia yake. Mke wangu alinitazama. Shemeji alimtazama mumewe, maana aliwahi kuiona kwenye rafu ya zahanati. Daktari wa Meno aliipokea, akaifunga, akapitisha mshipi kwenye vitundu, akafunga buu. Vidole vyake vina haraka.

Mzee aliipima. Pua ya fimbo ikainuka, ikatulia mkononi mwake yenyewe. Aliweka kidole kimoja tu chini ya mpini na fimbo ikakaa sawa, haikuinama huku wala kule. Uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema, mizani imekaa.

Aliingia majini tena. Buu lilishuka, likapita jiwe, likapita la pili. Safari hii sisi hatukuona chochote, na yeye ndiye aliyesikia. Akainua mkono! Fimbo ikapinda! Mzee alicheka kwa sauti ya kijana, akamchezea yule samaki kwa subira, akamleta miguuni, akampapasa kichwa hadi mkia, kisha akamwachia aende. Machozi yalikuwa yakimshuka naye hakuyafuta. Aliwaambia mabinti zake wakamfungulie vikombe.

Kisha akanyoosha mkono hewani akinitafuta. Akaniuliza kama nipo. Akanishika bega. Akasema, "Ahsante, mwanangu."

Nimelipata. Daktari wa Meno alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale akikunja karatasi ya zawadi. Aliniambia kitu kimoja tu siku nzima, tulipokuwa tunapakia gari. Aliuliza fizi inaendeleaje.

Jumatatu, 17 Juni

Mzee haji mjini. Mke wangu anaimba tangu jana.

Asubuhi simu iliita. Mzee alimwomba binti yake amwite "mwanangu". Nikapewa mimi. Alitaka kujua kama rili ile inatiwa mafuta. Sikujua. Nikasema, kama tunavyowaambia wateja wa magodoro, kila kitu kinahitaji kupumzika. Akasema kweli. Baadaye nikampigia Daktari wa Meno kumuuliza mambo ya mafuta, kwa jumla tu, bila kutaja rili fulani. Alinieleza yote, polepole, tone moja, kitambaa laini. Hakuniuliza kwa nini nauliza. Mtu huyu ananichosha!

Jana usiku sikulala vizuri. Kila nikifumba macho nasikia "ni mimi, baba". Nikaamua kusema kweli. Nilikwenda jikoni kwa nia hiyo. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo na kuimba, akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ninayo. Nikala. Nilipomaliza kula nia ilikuwa imeshapoa, na mtu hawezi kusema ukweli mzito tumbo likiwa limejaa.

Lakini deni la heshima ni deni. Nimelifikiria kwa makini, na sasa nafsi yangu imetulia. Nimepata njia ya kumrudishia Daktari wa Meno sifa yake yote, tena zaidi, bila kumwumiza mtu.

Ni hivi. Mzee anahitaji viatu virefu vya mpira, vya kusimamia majini. Daktari wa Meno amepewa kazi ya kuvinunua, ameshavileta kwetu, tutavipeleka Jumapili. Leo nilifungua boksi. Vikubwa mno! Eti vitavaliwa na soksi mbili nene za sufu kwa sababu ya baridi ya maji, ndivyo alivyomwambia mke wangu. Hadithi. Mimi nimeiona miguu ya mzee pale mtoni, na sihitaji kipimo. Kesho saa ya chakula cha mchana nitakwenda lile duka la mipira na mahema, nichukue vidogo zaidi, vinavyobana vizuri, niviweke humo ndani ya boksi lake. Mzee atavisifu, na sifa zote ziende kwa mwanyumba wangu. Mimi sitakohoa hata kidogo.

Sitamwambia, bila shaka. Wema ukishautangaza si wema tena. Vile vikubwa nimeshavitafutia nafasi, chini ya tairi la akiba.